Jinsi ya kuifanyia mazoezi mezani kazi ya mkuu wa operesheni za pamoja: unahitaji ramani, vizibo na saa ya ukutani

Mbukwenyi wandugu. Hapa mtaani kwangu Nkuhungu, Dodoma, kuna vijana kama saba hivi, wawili wametoka JKT Makutupora mwaka juzi, na Jumamosi jioni huwa tunakaa chini ya mbuyu tunapiga stori za jeshi na siasa. Siku moja mmoja akaniuliza, afande, Mkuu wa Majeshi tunamjua, kamanda wa brigedi tunamjua, sasa huyu jamaa wa nchi za wenzetu anayeitwa mkuu wa operesheni za pamoja yeye anapigana wapi? Nikamwambia hapigani popote, yeye anahakikisha wanaopigana wanajua nani anamtii nani na kuanzia saa ngapi. Wakanitazama tu. Nikaona maneno matupu hayatoshi, Jumamosi iliyofuata nikaja na ramani na mfuko wa vizibo vya soda tukaicheza hiyo kazi, na toka siku hiyo tumeirudia mara nyingi, kwahiyo naandika hapa ili na wengine mfanye kwenu, shuleni, kwenye vikundi vya vijana, popote.

Mimi nilikuwa mtu wa mawasiliano, nimestaafu nikiwa afisa mteule, nimekesha sana kwenye vyumba vya operesheni napokea na kutuma meseji, kwahiyo hii kazi ya wakubwa naijua kwa upande wa yule anayebeba maneno yao. Na hakuna siri hapa, hata ramani tuliyotumia ni ile ya ukutani ya darasani.

Kabla hujatandika ramani uwaeleze wenzako kitu kimoja, maana wengi ndo wanapopotelea. Jeshi lina watu wanaoliandaa na lina watu wanaolitumia. Mkubwa wa jeshi la anga anaandaa marubani na ndege, wa majini meli na mabaharia, wa nchi kavu askari na mizinga. Mkuu wa operesheni za pamoja haandai, yeye anapokea kipande kutoka kwa kila mmoja na kuvifanya kitu kimoja kwa kazi moja kwa muda fulani, halafu anavirudisha. Waingereza wameiweka kazi hiyo Northwood, pembeni ya London, toka 1996. Waaustralia wako Bungendore, sehemu ya mashambani nje ya mji mkuu wao Canberra (ukiniuliza mimi inanikumbusha Kikombo yetu, pale lilipowekwa jiwe la msingi la makao makuu ya ulinzi mwaka 2019). Wanorwei wako ndani ya mlima kule Reitan karibu na Bodø. Marekani wao walitunga sheria kabisa mwaka 1986, kwamba amri ya vita inatoka kwa rais inaenda kwa waziri wa ulinzi inaenda kwa kamanda wa eneo husika, basi, wakuu wa nchi kavu na majini na anga hawamo kwenye huo mstari, kazi yao ni kuandaa. Kwetu sisi Katiba ibara ya 33 inasema Rais ndo Amiri Jeshi Mkuu, chini yake yupo Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, ambaye toka 2022 ni Jenerali Jacob Mkunda, chini yake kuna kamandi, na pale makao makuu kuna tawi la utendaji kivita na mafunzo ambalo ndo jiko la mambo haya.

Sasa kwanini nchi zikasumbuka kutengeneza kiti kama hicho? Vijana wakiuliza hivyo mimi huwaambia habari ya Musoma. Novemba 1978, vita ya Kagera ndo kwanza inaanza, ndege zetu zilipita juu ya Musoma na walinzi wa anga wetu waliokuwa chini wakadhani ni za Amin, wakazitungua. Ndege tatu, za kwetu, na waliozitungua ni wa kwetu pia. Waliokuwa chini walifanya kazi yao na waliokuwa juu walifanya kazi yao, kilichokosekana ni neno moja kufika kwa wakati kutoka kwa hawa kwenda kwa wale. Ukishaielewa Musoma umeelewa kwanini lazima awepo mtu mmoja ambaye anga na ardhi vyote ni vyake.

Wamarekani nao yakawakuta, Aprili 1980, walipojaribu kuwaokoa watu wao waliokuwa wameshikwa mateka Tehran. Helikopta nane za jeshi la majini zikarushwa na marubani wengi wao wa kikosi cha Marine (askari wa majini wanaopigana pia nchi kavu), ndege kubwa za jeshi la anga, makomandoo wa nchi kavu, kila kundi lilijifunza kivyake, hawakuwahi kufanya zoezi zima wote pamoja. Walihitaji helikopta sita wakabaki na tano nzima, wakaahirisha, na wakati wa kuondoka pale jangwani helikopta moja ikagonga ndege, wakafa watu wanane. Miaka sita baadae ndo ikaja ile sheria niliyoitaja.

Haya, meza. Unahitaji watu saba mpaka tisa (mkipungua tisa mmoja ashike nafasi mbili), ramani ya mkoa au hata uchore mwenyewe kwenye boksi, vizibo vya rangi tofauti, daftari moja la meseji, kalamu, na saa ya ukutani ambayo kila mtu anaiona. Simu zinawekwa kwenye beseni. Na hili la simu lisimamie kweli kweli, utaona baadae.

Hali tunayoitumia sisi ni hii. Mvua kubwa imenyesha siku nne, mto Kinyasungwe umefurika, reli ya zamani imekatika pale karibu na Gulwe wilayani Mpwapwa (mahali penyewe kweli maji yamekuwa yakikata reli mara nyingi, wazee wa Gulwe wanajua), barabara imeliwa, na kuna watu 1,200 wamezungukwa na maji. Mmoja anakuwa nchi kavu ana malori na wahandisi, mmoja anga ana helikopta mbili, mmoja majini ana boti sita za mpira zinazokuja na lori toka Dar, mmoja polisi, mmoja zimamoto, mmoja mkuu wa mkoa, mmoja mwenyekiti wa kijiji, na mmoja ndo kamanda wa operesheni za pamoja. Na mmoja awe karani wa meseji, na chagua aliye makini kuliko wote, sio mdogo kuliko wote.

Nimechagua mafuriko na sio vita kwa makusudi. Moja, hatuchezi vita na watoto wa watu. Pili ndo kazi ambayo Watanzania wengi wanaiona kwa macho, mfano yale maporomoko ya tope ya mlima Hanang pale Katesh tarehe 3 Desemba 2023, wanajeshi walikuwa wamo, polisi wamo, zimamoto wamo, wananchi na majembe yao wamo. Na tatu, kwenye maafa jeshi linakuja kusaidia mamlaka za kiraia, kwahiyo kijana anayecheza kamanda anagundua ndani ya dakika kumi kwamba nusu ya watu waliopo mezani hawezi kuwaamrisha, inabidi awaombe, na hata vitani ndivyo ilivyo, maana kuna mwanasiasa juu yako, kuna nchi rafiki pembeni yako, wote hao huwapigii saluti ukamaliza.

Anza na sentensi moja. Kamanda apewe dakika tano aandike kwenye karatasi mambo yakiisha yatakuwaje. Sio atafanya nini, hapana, yatakuwaje. Wengi wanaandika tutapeleka helikopta na boti, hiyo ni orodha ya vifaa. Sentensi nzuri ni kama ile ya kijana mmoja wetu: "kesho kutwa jioni watu wote 1,200 wako sehemu kavu, wamekula, na mkuu wa mkoa amepokea kazi iliyobaki". Kisha sentensi aisome kwa mkuu wa mkoa na mkuu wa mkoa akubali kwa mdomo, maana yeye ndo mwenye shughuli. Asipokubali mnarudia, msiguse kizibo hata kimoja.

Halafu inakuja sehemu ambayo mimi ningekuwa na uwezo ningeifundisha mwezi mzima. Nani anamtii nani. Usikubali neno "tutashirikiana", ukilisikia mezani simamisha zoezi. Kuna viwango vya kumkabidhi mtu kikosi na kwa Kiswahili cha hapa kwetu mimi naeleza kwa ng'ombe wa kulimia. Jirani yako amekuja kuomba jozi ya ng'ombe. Unaweza kumpa moja kwa moja, awalimie, awahamishe, awagawe, mpaka umri wao uishe, hiyo ni nadra na kwa jeshi ni nadra pia. Unaweza kumpa kwa msimu huu alime mashamba yake yote, anapanga yeye waanze wapi, ila hawezi kuwauza wala kuwatenganisha bila kukuuliza, na chanjo na malisho bado ni juu yako. Unaweza kumpa kwa shamba lile moja tu kwa siku ile moja. Au unabaki na ng'ombe wako na unaenda mwenyewe kumlimia, yeye anakuonyesha mpaka tu. Hivyo ni viwango vinne tofauti, na ugomvi wote wa vijijini kuhusu ng'ombe wa kuazima unatokana na mmoja kudhani amepewa cha pili kumbe mwenzie alimpa cha nne. Jeshini ugomvi wake unaua.

Sasa kwa kila rundo la vizibo kamanda aandike kwenye daftari: helikopta mbili, za nani, chini ya nani, kwa kiwango gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Mfano helikopta ziko chini ya kamanda kwa siku mbili lakini rubani akisema hali ya hewa hairuhusu hakuna wa kumlazimisha. Boti sita ziko chini ya zimamoto kwa kuvusha watu, usiku zinarudi kwa majini. Tukifika hapa vijana huwa wanachoka wanataka kuanza kuokoa watu, usiwaruhusu. Kikosi kile cha Umoja wa Mataifa kilichoenda mashariki mwa Kongo mwaka 2013 kilikuwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kiongozi wake alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu, juu yake yupo jenerali Mbrazil, Santos Cruz, na kila nchi ina makao makuu yake nyumbani. Hebu fikiria hapo kama haijaandikwa vizuri askari anamsikiliza nani. Na kile kikosi kilifanya kazi, waasi wa M23 wakashindwa Novemba mwaka huo huo.

Saa. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Miaka mingi iliyopita, kwenye zoezi moja ambalo sitalitaja, mimi nilikuwa kwenye redio na mwenzangu wa upande wa pili alikuwa raia aliyekodishwa na malori yake. Nikapokea kwamba malori yaondoke saa kumi na mbili. Kwa anayehesabu kijeshi hiyo ni adhuhuri, kwa raia yeyote wa Tanzania hiyo ni alfajiri au magharibi, na yule bwana akaelewa magharibi. Askari walikaa juani toka mchana mpaka jioni bila maji wakisubiri malori ambayo dereva wake alikuwa amelala nyumbani kwa amani kabisa. Mtu mmoja alizimia. Sijawahi kusahau, na ilikuwa meseji niliyoisoma mimi kwa sauti yangu mwenyewe. Sisi Waswahili tuna saa mbili kichwani na mgeni ana ya tatu, kwahiyo kwenye meza yako kila meseji iwe na tarakimu nne, 0600, 1800, na anayepokea anarudia kwa kusoma tarakimu moja moja, sifuri sita sifuri sifuri. Asiporudia karani haandiki, na kama karani hajaandika basi meseji haikutumwa.

Majina ya sehemu ni hivyo hivyo. Mwambie mtu peleka maji Majengo. Majengo ipi? Dodoma mjini ipo, na karibu kila mji wa nchi hii una Majengo yake. Chora mistari ya gridi kwenye ramani yako, herufi upande mmoja namba upande mwingine, na sehemu zitajwe kwa gridi kwanza jina baadae. Kuna siku vijana wawili walitaja kijiji kile kile kwa majina mawili, mmoja kwa jina la serikali mmoja kwa Kigogo, tukapeleka boti sehemu ambayo ilikuwa na boti tayari na wengine wakabaki juu ya paa.

Tukija kwenye ugavi, fanyeni hesabu kwa mkono mbele ya wote. Watu 1,200, tuseme lita 15 kwa mtu kwa siku za kunywa, kupika na kunawa, hiyo ni lita 18,000. Boti ya mpira ikibeba madumu 20 ya lita 20 ni lita 400. Gawanya, safari 45 kwa siku, na boti hizo hizo ndo unataka zivushe watoto na wagonjwa. Hapo kamanda anakaa kimya, na huo ukimya ndo kazi yake yenyewe. Wengine wanashusha mpaka lita 3 za kunywa tu, inakuwa lita 3,600, safari tisa. Wengine wanampa helikopta, tani moja kwa safari, safari nne, lakini basi helikopta haitafuti watu kwa huo muda. Hakuna jibu sahihi mfukoni kwangu, ninachodai mimi ni kwamba aseme kwa sauti anaacha nini, na mwenyekiti wa kijiji asikie.

Kuna karatasi nyingine ndogo, mambo ya kumwamsha mkubwa usiku. Kamanda anaandika vitu vitano visivyozidi ambavyo vikitokea aamshwe hata kama amelala dakika kumi tu. Mfano mtu wetu yeyote amefariki, helikopta imepotea kwenye redio, maji yamepanda kupita alama fulani, mkuu wa mkoa amebadili nia yake, tumekutana na watu ambao hawapo kwenye hesabu. Vingine vyote wasaidizi wamalize wenyewe. Nimeona wakubwa wanaoamshwa kwa kila kitu, siku ya tatu hawajui hata wapo ramani gani, na nimeona walioogopwa mpaka hakuna aliyethubutu kuwaamsha. Yule mzuri niliyewahi kufanya nae kazi alikuwa na hiyo karatasi imebandikwa juu ya redio na alikuwa anatushukuru tukimwamsha, hata ikiwa tumekosea.

Sasa rudi kwenye lile beseni la simu. Katikati ya zoezi mrudishie kamanda simu yake kwa dakika kumi na mwambie anaweza kumpigia yeyote. Mara zote, mara zote nawaambia, anampigia kijana wa boti anaanza kumwelekeza kata kushoto pita pale, na mezani meseji nne zinarundikana bila jibu. Kamanda wa operesheni za pamoja yuko mbali na maji, hiyo ndo nafasi yake. Skrini na simu zinamdanganya kwamba anaona, anaona boti moja tu na boti ziko sita. Aliyeko majini apewe nia, apewe mipaka yake, apewe vifaa, halafu aachwe. Mwaka 1979 mwezi Machi kule Lukaya, Uganda, kwenye vita ile ile ya Kagera, Brigedi ya 201 ilipotikiswa na mizinga ya roketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, Brigedi ya 208 iliyokuwa mbali ikageuzwa ipige kutokea upande wa pili huku 201 ikijipanga tena mbele, na asubuhi wakapiga pande mbili. Aliyekuwa anaongoza Divisheni ya 20 ni Musuguri, ambaye baadae akawa Mkuu wa Majeshi. Angeweza kutumia usiku ule kumfundisha kila kamanda wa kombania namna ya kujificha kwenye majani, lakini kilichohitajika kwa mtu wa ngazi ile ni brigedi mbili kufika kwa wakati mmoja pande mbili.

Mambo ya sheria sisi tunayapitia haraka kwa sababu ni mafuriko, ila mchezaji polisi aulize angalau mara moja, mtu akikataa kuhama nyumba yake tunamfanyaje, na kamanda ajibu kwa maandishi kabla halijatokea. Vitani swali hilo ndo linakuwa lini naruhusiwa kufyatua, na hakuna operesheni ya heshima inayoanza bila jibu lake kuwepo mfukoni mwa askari wa mwisho kabisa.

Kumaliza zoezi usipige filimbi tu. Kamanda amkabidhi mkuu wa mkoa kazi iliyobaki, kwa maandishi, na kila rundo la vizibo lirudi kwa mwenyewe kwa kuhesabiwa. Mara ya kwanza tulivyofanya helikopta moja haikurudi, hakuna aliyejua iko kwa nani, tukafungua daftari tukakuta zimamoto aliazimwa na majini ambaye nae alipewa na polisi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kamanda.

Pumzikeni nusu saa mle karanga, halafu soma daftari lote kwa sauti toka meseji ya kwanza. Usimlaumu mtu kwa jina, uliza tu hii meseji ilichukua dakika ngapi kufika na nani aliisubiri. Zungusheni vyeo, aliyekuwa kamanda sasa awe mwenyekiti wa kijiji juu ya paa na watu wake 1,200, karani awe kamanda, na muanze tena saa 1400.